Jitu la kijani la mjomba wangu: tunaposema tamthilia imeisaliti katuni, tunamaanisha katuni ipi?

Msomaji wa Makupa (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam.

Naomba kuwaletea swali ambalo limenisumbua kwa majuma kadhaa, na mniwie radhi kwa urefu wake. Nilipokuwa mtoto Mombasa, mjomba wangu aliyekuwa baharia alirudi safari moja na mashine ya video pamoja na kanda tatu. Mojawapo ilikuwa filamu ya ufunguzi ya The Incredible Hulk, tamthilia ya daktari anayegeuka jitu la kijani akikasirika, ile iliyooneshwa Marekani na shirika la CBS mnamo Novemba 1977, kabla ya tamthilia yenyewe kuanza kurushwa kila wiki mwaka uliofuata. Tuliitazama hadi picha ikaanza kuchuja, na mpaka leo kuna tukio moja ninaloweza kulisimulia nikiwa nimefumba macho.

Ni usiku, mvua inanyesha. Daktari David Banner, anayeigizwa na Bill Bixby, anaendesha gari peke yake, tairi linapata pancha, naye anashuka kulibadilisha. Spana inamteleza na kumuumiza mkono. Hapo hapana adui, hapana bomu, wala hapana mtu anayehitaji kuokolewa. Yupo tu mtu aliyefiwa na mkewe katika ajali, aliyeshindwa kuliinua gari ili kumtoa, na ambaye sasa ameshindwa hata na nati ya gurudumu. Macho yanabadilika rangi, shati linapasuka mgongoni, na anayesimama pale mvuani ni Lou Ferrigno, mtunisha misuli aliyepakwa rangi ya kijani mwili mzima. Mjomba alikuwa akisimamisha kanda hapo, si kwa kuogopa, bali kwa sababu alisema anataka kumtazama vizuri yule mtu kabla hajapotea.

Sasa, hivi karibuni nimepata mkusanyo wa matoleo ya kwanza ya kitabu chenyewe cha katuni kilichozaa tamthilia hiyo, yale ya mwaka 1962 yaliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Banner wa humo haitwi David, anaitwa Bruce. Hapatwi na mkasa wake akiwa maabara kwa ajili ya kumkumbuka mkewe, kama David; anaupata kwenye uwanja wa majaribio ya bomu la miale ya gama alilolibuni yeye mwenyewe, pale anapokimbia kumwokoa kijana aitwaye Rick Jones aliyeingia uwanjani na gari. Jitu linazungumza, tena kwa majivuno. Katika toleo la kwanza rangi yake ni ya kijivu. Na halibadiliki kwa hasira, linabadilika jua linapotua, kama popo anayesubiri giza.

Nilikifunga kitabu nikiwa na huzuni ambayo sikuitarajia. Humu jukwaani kila tamthilia mpya inapotoka nasoma malalamiko kwamba watayarishaji wameisaliti katuni. Mimi yamenifika kinyume: nimempenda msaliti kwa miaka thelathini na zaidi, na huyu mwenye mali nimemwona kama mgeni. Naomba mnisaidie. Je, mtayarishaji wa televisheni ana deni lolote kwa kitabu alichokichukua, na kama analo, hulipwa kwa nini?

Karani Mstaafu

Ndugu Msomaji, huzuni yako naielewa, lakini nadhani umelifika toleo la kwanza kama mtu anayedhani amefika kwenye chemchemi, kumbe hapo ndipo maji yalipokuwa bado hayajajua yaelekee wapi.

Chukua hiyo rangi ya kijivu. Ilidumu toleo moja tu, kwa sababu za kichapishaji: mitambo ya wakati ule haikuweza kuitoa rangi ile kwa namna moja, hivyo jitu likawa jeusi ukurasa huu na hafifu ukurasa unaofuata. Kuanzia toleo la pili wakalifanya la kijani. Kuhusu jua kutua, nalo halikudumu. Kitabu hicho kilisimamishwa mwaka 1963 baada ya matoleo sita pekee, na jitu liliporudi mwaka 1964 ndani ya jarida jingine, Tales to Astonish, ndipo waandishi walipokaza kamba ya msongo na hasira kama kichocheo cha mabadiliko. Kwa hiyo Kenneth Johnson, aliyeiandika na kuisimamia ile filamu ya 1977, alipokea hadithi iliyokwisha kubadilishwa mara nyingi na wenyewe walioianzisha. Alichokiokota ni kile kilichosalia baada ya miaka kumi na mitano ya kupapasa, nacho kilikuwa hasira.

Jina ni suala jingine. Johnson ameeleza kwamba hakuyapenda majina ya katuni ambayo la kwanza na la ukoo huanza na herufi ileile, kama Peter Parker wa Spider-Man na Lois Lane wa Superman, kwa kuwa yalimkumbusha mtazamaji kila mara kwamba yuko ndani ya kitabu cha watoto. Hata hivyo Bruce hakulitupa kabisa. Itazame tena filamu yako mpaka mwisho kabisa, pale makaburini, usome jiwe.

Kisha kuna pesa, ambayo wapenzi wa katuni huwa hawapendi kuizungumzia. Mchoraji akitaka jitu livunje mlima, gharama ni wino. Johnson alikuwa na mwanamume mmoja mwenye misuli, rangi ya kupaka, na kuta zilizotengenezwa ili zivunjike kwa urahisi. Maadui wa ajabu wa kwenye kitabu hawakuwezekana, na yeye binafsi hakuwataka. Badala yao alimweka mwandishi wa habari, McGee, anayelifuatilia jitu bila kuchoka, na chanzo cha mwandishi huyo hakimo katika katuni hata kidogo: Johnson alimtoa kwa yule askari wa Victor Hugo katika Les Misérables, anayemwandama mfungwa wa zamani maisha yake yote. Ndiyo maana kila sehemu ya tamthilia ilikuwa na mfumo uleule: Banner anaingia mji mpya kwa jina la bandia, anapata kazi ya kibarua, anabadilika kama mara mbili, kisha anaondoka na begi begani huku piano ikilia. Kwa wiki nyingi mfululizo huo ni mfumo wa kuchosha, nakiri. Lakini ni mfumo uliojua una nini mkononi.

Binti Kalamu

Shikamoo Mzee Karani. Maelezo yako ni mazuri, ila naona umewasamehe watayarishaji kwa urahisi mno. Si kila badiliko hutokana na upungufu wa fedha. Mengi hutokana na aibu.

Tazameni Smallville, iliyorushwa kuanzia 2001 hadi 2011. Watayarishaji wake, Alfred Gough na Miles Millar, walijiwekea sharti kwamba Clark Kent, yaani Superman akiwa bado kijana, hatavaa vazi lake wala hataruka. Kwa msimu mmoja au miwili sharti hilo lilikuwa la busara, kwa maana lilimfanya Clark kuwa kijana wa shambani mwenye siri badala ya sanamu. Lakini tamthilia ilikwenda misimu kumi! Mtu mzima, ana kazi gazetini, anaokoa mji kila wiki, na bado tunangoja dakika za mwisho za sehemu ya mwisho kabisa ili tulione vazi, tena kwa mbali au kifuani tu. Hapo sharti limekuwa kama mwenyeji anayewaambia wageni kwamba chakula kinakuja, kinakuja, hadi wanaaga.

Aibu inaweza kushughulikiwa kwa adabu zaidi. Luke Cage, shujaa mwingine wa katuni, alipoanza katika kitabu chake mwaka 1972 alivaa shati la manjano lililo wazi kifuani, vikuku vya chuma na kitu kama taji kichwani. Tamthilia ya Netflix ya mwaka 2016 haingeweza kumtembeza mitaa ya Harlem, New York, akiwa hivyo. Walichofanya, katika sehemu ya nne, ni kumtorosha gerezani akiwa bado na vyuma vya jaribio la kitabibu kichwani na mikononi, akaiba nguo zilizoanikwa kwenye kamba, na shati likatokea kuwa la manjano. Anajiona alivyo, anajiambia kwamba anafanana na mpumbavu, basi, vyuma vinatupwa na hadithi inaendelea. Aliyesoma kitabu anacheka, asiyesoma hapungukiwi na kitu. Huo ndio ulipaji wa deni ninaoukubali: mwenye mali ametajwa mbele ya watu, hata kama ametaniwa.

Mzee wa Kanda

Mnaongea juu ya usaliti na hakuna aliyemtaja Spider-Man wa Japani? Basi niruhusuni.

Mwaka 1978 kampuni ya Toei, kwa makubaliano na Marvel, wachapishaji wa katuni za Spider-Man, yaliyoiruhusu kuwatumia wahusika wake, ilitengeneza tamthilia ya Spider-Man kwa ajili ya watoto wa Japani. Vazi ni lilelile, jekundu na buluu, lenye utando. Zaidi ya vazi, karibu hakuna kilichobaki. Shujaa ni Takuya Yamashiro, kijana mwendesha pikipiki za mashindano. Hakuumwa na buibui wa maabara. Nguvu zake alipewa na mtu wa mwisho wa sayari iliyoangamizwa, aliyemdunga damu yake. Hana shangazi mgonjwa wala kodi ya nyumba inayomkosesha usingizi. Badala yake ana chombo cha angani kinachogeuka kuwa roboti kubwa kama ghorofa, liitwalo Leopardon, na kila wiki adui akishakua na kuwa zimwi refu kama jengo, Spider-Man anapanda ndani ya roboti na kummaliza kwa upanga.

Kwa kipimo cha malalamiko ya humu jukwaani, hii ingestahili kuchomwa moto. Lakini fuateni kilichotokea baadaye. Watoto walilipenda lile roboti, na vitu vya kuchezea vyake vikauzika. Mwaka 1979 Toei hiyohiyo ikaliingiza roboti kubwa katika tamthilia yake ya kikosi cha mashujaa waliovaa rangi mbalimbali, Battle Fever J, na tangu hapo vikosi hivyo vikawa na roboti lake kila mwaka. Miaka ya 1990 Wamarekani wakazichukua picha za mapigano za vikosi hivyo, wakaziunganisha na waigizaji wao, nazo zikatufikia sisi kama Power Rangers. Wale mliokuwa mkigombania uwanjani nani awe mwekundu na nani alazimishwe kuwa wa manjano, mlikuwa mnacheza mchezo ambao mlango wake ulifunguliwa na Spider-Man asiyefanana na Spider-Man.

Wakati huohuo, kati ya 1977 na 1979, Marekani kulikuwa na tamthilia yao ya Spider-Man, ya CBS, yenye Peter Parker halali, gazeti halali na mji halali. Ilikosa maadui wa kitabuni na ilikosa ule ucheshi wake, na Stan Lee hakuificha kutoridhika kwake nayo. Ilishika jina na anwani, basi. Nani humu anaikumbuka? Na yule wa Takuya, katuni zenyewe zilimrudisha nyumbani: katika hadithi ya mwaka 2014 iliyowakusanya akina Spider-Man wa ulimwengu mbalimbali, yeye na roboti lake walikaribishwa kama ndugu.

Asiyependa Makelele

Mkuu, hadithi tamu, lakini umeruka swali. Toei walipewa ruhusa na wenye mali, na Marvel haikuwa imekufa wala kulazimishwa. Je, mwandishi akikataa? Hapo napo tuseme tu kwamba watoto walifurahi?

Binti Kalamu

Asiyependa Makelele, umegusa penyewe. Watchmen, kitabu cha katuni cha mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons kilichotoka kwa matoleo kumi na mawili kati ya 1986 na 1987, ndiyo kesi ngumu kuliko zote. Mkataba wao ulisema haki zitawarudia endapo kitabu kitaacha kuchapishwa kwa muda fulani. Mauzo yakawa makubwa kiasi kwamba hakijaacha kuchapishwa hadi leo, na haki hazikurudi. Moore alijitenga na kila kitu kilichotokana nacho. Ndiyo maana tamthilia ya HBO ya mwaka 2019, iliyoongozwa kiuandishi na Damon Lindelof, inamtaja Gibbons peke yake. Kila unapotazama majina ya mwanzo, kuna kiti kitupu. Siwezi kujifanya sikioni, na sidhani kama ubora wa kazi unakijaza.

Hata hivyo, nikiwa na hilo moyoni, bado naona kwamba hakuna tamthilia iliyosoma katuni yake kwa makini kuliko hiyo. Nieleze kwa kitu kimoja tu: kitanzi.

Kitabuni, shujaa wa kwanza kabisa kujifunika uso anaitwa Hooded Justice. Amechorwa na kifuniko kichwani na kamba ya kitanzi shingoni. Kitabu hakitoi jibu la uhakika kuhusu alikuwa nani; kuna tetesi tu kwamba huenda alikuwa Mjerumani mbeba vyuma wa sarakasi. Na ile kamba haielezwi. Msomaji anaichukulia kama pambo, kitu cha kuwatisha wahalifu. Miaka zaidi ya thelathini watu wameitazama kamba shingoni mwa mtu, katika nchi yenye historia ya Marekani, na wengi wetu hatukuuliza.

Lindelof na wenzake waliuliza. Katika sehemu ya sita, iliyopigwa karibu yote kwa rangi nyeusi na nyeupe, tunaambiwa kwamba Hooded Justice alikuwa askari mweusi wa New York, Will Reeves, aliyenusurika utotoni katika mauaji ya watu weusi ya Tulsa ya mwaka 1921. Askari wenzake weupe wanamfunika kichwa kwa mfuko na kumning'iniza mtini, kisha wanaikata kamba kabla hajafa, kama onyo. Anaondoka kwa miguu usiku, mfuko mkononi na kitanzi bado shingoni, na njiani anasikia watu wakishambuliwa. Anatoboa matundu ya macho katika ule mfuko. Kuzunguka macho anajipaka rangi nyeupe, ili anayemtazama adhani chini ya kifuniko kuna mzungu.

Hakuna mstari hata mmoja wa Gibbons uliobadilishwa. Vazi ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba huwezi tena kukifungua kitabu cha 1986 ukaiona ile kamba kama pambo.

Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu, na kwa hilo la kitanzi umenishinda. Niongeze dogo kwa wanaodhani njia ni ya upande mmoja. Adui wa Batman aliyeanza mwaka 1959 kwa jina la Mr. Zero alibatizwa upya Mr. Freeze na tamthilia ya Batman ya mwaka 1966, ile aliyoigiza Adam West, na katuni zikalifuata jina. Mwaka 1992 tamthilia ya vibonzo ya Batman ikampa kile ambacho hakuwahi kuwa nacho: mke mgonjwa, Nora, aliyegandishwa barafuni akingoja tiba. Paul Dini ndiye aliyeiandika sehemu hiyo. Mwisho wake adui ameketi katika selo ya baridi, mkononi ana tufe dogo la kioo lenye mchezaji dansi ndani yake, anaomba msamaha. Katuni zikamchukua Nora pia. Mwaka huohuo tamthilia hiyohiyo ilimleta mhusika Harley Quinn, ambaye hakuwa na kitabu chochote nyuma yake, na leo kuna wasomaji wanaoamini kwamba alizaliwa kwenye karatasi.

Msomaji wa Makupa (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote. Mzee Karani, nilifanya ulivyoniagiza, na nina jambo la kukiri.

Mwisho wa filamu ile sikuwahi kuuona. Kanda ya mjomba ilikatika pale maabara inapolipuka, kwa sababu mtu fulani nyumbani, na sisi sote tunamjua ila hatumtaji, alirekodi juu yake harusi ya binamu yangu. Kwa miaka yote niliamini kwamba hadithi inaishia motoni: jitu linatoka limembeba yule daktari wa kike aliyekuwa akifanya utafiti na Banner, kisha ghafla kuna ngoma, maharusi na mama mkubwa akipiga vigelegele. Hata nilipokuja kuitazama tamthilia ukubwani, nilianzia pale nilipoikuta.

Jana usiku nimeitazama filamu nzima. David amesimama makaburini, dunia inaamini amekufa, na anaagana kwa sauti ya chini na yule daktari mwenzake aliyelala pale. Kando ya kaburi la huyo mwenzake lipo la kwake mwenyewe, na jiwe limechongwa majina matatu: David Bruce Banner. Nilisimamisha picha hapo, kama mjomba alivyokuwa akifanya kwenye tairi.

Matoleo ya 1962 nimeyarudisha mezani. Nimefika la tatu. Jitu bado linaongea sana.